Mchoro wenu wa kisukari umekiruka kibofu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Katika toleo lenu la Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14, mlichapa mchoro wa mwili wa mtu uliojaza karibu nusu ukurasa, wenye mishale sita inayoonyesha mahali kisukari kinapoumiza: ubongo, macho, moyo, figo, mishipa ya damu na nyayo. Nimeukata nikaubandika kwenye daftari langu, maana ni mchoro safi na maelezo yake ni sahihi. Lakini kila nikiutazama, jicho langu linaishia palepale. Kati ya figo na nyayo hakuna hata mshale mmoja. Halafu mtu mwenyewe ni mwanamume.

Mimi ni mwanamke wa miaka 61, mwalimu wa hesabu niliyestaafu, na huu ni mwaka wa 19 naishi na kisukari cha aina ya pili. Kilichoniangusha hakikuwa jicho wala moyo. Kilikuwa kibofu cha mkojo. Na kabla hujaitupa barua hii kapuni ukisema habari za mkojo haziandikwi gazetini, ujue kwamba hata mimi niliamini hivyo kwa miaka miwili mizima, nikanunua pedi kimyakimya na kuvaa nguo nyeusi tu, na kimya hicho nilikilipia hospitalini.

Nianze na jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu. Wengi tunadhani kibofu kikiharibika kitatusumbua, kitatukimbiza msalani usiku na mchana. Wapo ambao huwa hivyo. Changu kilininyamazia.

Nilipogunduliwa kuwa na kisukari nilikuwa nakwenda msalani karibu kila saa. Sababu yake niliielewa baadaye: sukari ikizidi kiasi cha miligramu 180 katika desilita moja ya damu, yaani milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini. Inayozidi humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji. Unakunywa, unakojoa, unakunywa tena. Nikaanza vidonge, hali ikatulia, miaka ikapita. Na polepole, wala siwezi kusema ni lini hasa, safari zangu za msalani zikaanza kupungua. Mara sita kwa siku, zikawa nne, zikawa tatu. Ikafika mahali naingia kazini asubuhi na kumaliza vipindi vyote bila kwenda hata mara moja. Walimu wenzangu walikuwa wakinung'unika kwamba ratiba haiwapi hata nafasi ya kujisaidia, mimi nikiwacheka. Nakumbuka nilivyojisifu mbele yao: "Kibofu changu kimerudi ujanani."

Kumbe kilikuwa kimekufa ganzi.

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kikifikisha mililita 150 hadi 200 hivi, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa ya kwanza kwenye uti wa mgongo, sehemu ya chini kabisa, na kutoka hapo hadi kwenye ubongo: jiandae. Kikifika 400 au 500, taarifa inakuwa amri. Mishipa hiyohiyo ndiyo inayokiambia kibofu kijikaze na kuuambia mlango wake ufunguke. Sasa sukari ikikaa juu kwa miaka, inaiumiza mishipa yenyewe pamoja na vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Taarifa zinaanza kufika nusunusu, kisha haziji kabisa. Usipohisi haja, huendi. Usipokwenda, mfuko unatanuka. Ukitanuka mno, misuli inalegea kama mpira wa soksi kuukuu, na ikilegea haiwezi kuusukuma mkojo wote nje hata ukienda. Wewe unajifunga nguo ukijua umemaliza, kumbe zaidi ya nusu umerudi nayo.

Na mfuko ukijaa pomoni hufurika wenyewe, bila kukuaga.

Siku niliyojua kwamba nina jambo nilikuwa nasimamia mtihani wa saa mbili na nusu. Nimeketi mbele ya darasa. Mwanafunzi wa safu ya nyuma akanyoosha mkono kuomba karatasi ya ziada, nami nikainuka. Sikuhisi haja, sikuhisi kubanwa, wala sikuhisi kitu kikitoka. Nilichohisi ni ubaridi nyuma ya paja, na upepo wa feni uliponipitia, ubaridi ukazidi. Ngozi ndiyo iliyoniambia kwamba nimejikojolea, kibofu hakikusema neno. Nikampelekea mtoto karatasi yake, nikarudi kinyumenyume hadi kwenye kiti, nikakaa juu ya ule unyevu kwa dakika 40 zilizobaki. Muda niliutangaza nikiwa nimeketi, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuliona kwangu. Walipokwisha kutoka wote nilikifuta kiti kwa karatasi za majibu zilizobaki. Nilizihesabu: tano.

Wa kwanza kumwambia, baada ya ile miaka miwili, alikuwa mdogo wangu. Akanijibu, "Dada, umezaa wanne, ulitegemea nini?" Daktari niliyemwona baada yake alisema yaleyale kwa maneno ya kitaalamu: uzazi, kukoma kwa hedhi, misuli ya nyonga. Akanipa karatasi ya mazoezi ya kuikaza misuli hiyo. Siyadharau mazoezi hayo. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika habari zake mwaka 1948, na mwanamke anayevuja akikohoa, akicheka au akinyanyua mzigo huweza kupona kwayo. Mimi niliyafanya kwa bidii ya mtahiniwa, mara tatu kwa siku kwa miezi mitano. Ila mwenzenu nilikuwa nakaza koki ya pipa linalofurika kwa juu.

Kituo cha pili nikapewa vidonge vya kutuliza kibofu, vile wanavyopewa wanaobanwa ghafla. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Tayari, kwa ajili ya nyayo zangu zinazowaka moto usiku, nilikuwa nameza amitriptilini. Ni dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa kipimo kidogo hupunguza maumivu ya mishipa ya fahamu, na kwa maumivu ya miguu ilinifaa. Lakini moja ya tabia zake ni kukilegeza kibofu kisijikaze. Vile vidonge vipya navyo kazi yake ndiyo hiyohiyo. Basi nikawa nameza dawa mbili kwa siku, zote zikikibembeleza kibofu kilale, kibofu ambacho kilikuwa kimeshalala usingizi wa pono. Mdomo ukanikauka, na kwa kukauka nikawa nakunywa maji zaidi. Tumbo likaanza kunivimba chini ya kitovu. Nikaambiwa nimenenepa.

Kisha yakaja maambukizi ya njia ya mkojo, haya tunayoyaita UTI. Manne katika mwaka mmoja. Kila mara antibayotiki, kila mara nafuu ya wiki chache, kila mara nikionywa kuhusu usafi, na mimi nikioga kama ninayejiosha dhambi. Mara ya nne sikuungua wala sikuhisi lolote wakati wa kukojoa. Nilitetemeka tu jioni, usiku nikawaka homa, ubavu wa kulia ukauma kama umepigwa nyundo. Maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo. Nikalazwa.

Muuguzi aliyenipokea asubuhi ya pili alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Hakuniuliza kama navuja. Aliniuliza swali ambalo katika miaka yote ya kliniki sikuwahi kuulizwa: "Mama, mkojo wako unatokaje? Kwa nguvu, au unakatikakatika?"

Nikashikwa na kigugumizi, maana jibu nilikuwa nalo siku nyingi. Ulikuwa unatoka kwa uzi mwembamba, unasita, unaanza tena, na ili uishe nilikuwa nimejizoeza kujikandamiza tumbo kwa ngumi bila hata kujiuliza kwa nini nafanya hivyo.

"Kwa ngumi?" akauliza.

Nikamwonyesha.

Akanituma msalani. Nikaenda, nikajitahidi, nikarudi. Akanilaza, akanipaka jeli ya baridi chini ya kitovu, akapitisha kile kidude cha altrasaundi huku na huku. Akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Mama, umekwenda kweli?"

"Nimetoka sasa hivi, mwanangu."

"Hebu rudi tena kidogo."

Nikarudi, nikapata matone. Akapima upya, kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: mililita 430.

Kibofu kinachofanya kazi vizuri hubakiza chini ya mililita 50. Kikibakiza zaidi ya 200, hakijimwagi. Mimi, baada ya kwenda mara mbili mfululizo, nilibaki na kiasi ambacho mwenzangu angekiita kibofu kilichojaa na angekuwa mbioni kutafuta choo. Yule binti akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya kile kiuvimbe laini ambacho nilikuwa nakiita kitambi. "Hiki si kitambi, Mama," akasema. "Ni mkojo." Akaniwekea mpira wa kutolea mkojo, na kitambi changu kikashuka huku nakitazama, kikajaa kwenye mfuko wa plastiki pembeni ya kitanda.

Nimefundisha hesabu miaka 34. Ulioingia, toa uliotoka, unabaki ngapi? Mtoto wa darasa la pili anaifanya. Mimi nilizunguka miaka miwili kwa watu waliosoma kunishinda na hakuna aliyeifanya hesabu hiyo, ilhali kipimo chake hakidungi, hakiumi, na huchukua dakika chache. Pasipo na altrasaundi, mpira mwembamba unaopitishwa mara moja hutoa jibu lilelile.

Kila kitu kikajipanga. Zile UTI hazikutokana na uchafu wangu. Mkojo uliotuama siku nzima kwenye kibofu ni kama maji yaliyosahauliwa ndooni, na wangu tena ulikuwa na sukari. Ongeza kwamba njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa kama sentimita 4 tu, ya mwanamume ni kama 20, basi vijidudu havina safari ndefu. Antibayotiki ilikuwa inaua vilivyomo na kuliacha bwawa lilelile. Aibu niliyobeba kuhusu usafi wangu wa mwili haikuwa na sababu, na hilo ndilo lililonikera kuliko hata ile homa.

Daktari wa mkojo aliyeletwa kuniona alitazama orodha ya dawa zangu, akakata moja siku ileile, na ile ya miguu akaipunguza hatua kwa hatua hadi akanibadilishia nyingine. Naomba msomaji asiache dawa yake kwa sababu ya barua yangu. Aibebe mkononi aende aulize: hii inakifanya nini kibofu changu? Hata baadhi ya vidonge vya mafua na mzio huwa na tabia hiyohiyo.

Tangu hapo naishi na saa ya mkononi inayolia kila baada ya saa tatu. Haja yangu sasa inaongozwa na saa, kwa kuwa mwenyewe siihisi. Nina jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, na nina daftari lenye safu nne: saa, mara ya kwanza, mara ya pili, nilichokunywa. Mara ya pili ndiyo siri yenyewe. Unakaa kabisa kwenye choo, miguu imekanyaga chini, unainama mbele kidogo, unakojoa bila kujikamua. Ukimaliza huinuki. Unangoja dakika mbili tatu, unajinyoosha, unainama tena, unajaribu upya. Kwa wale tunaoning'inia juu ya choo kwa kuogopa kukigusa (nilikuwa bingwa wa hilo), misuli ya nyonga hubaki imekaza na kibofu hakimwagi vizuri.

Saa imelia. Samahani Mhariri, narudi.

Nimerudi. Mara ya kwanza 280, nikangoja, mara ya pili nikapata 90. Hiyo 90 ndiyo iliyokuwa ikinilaza hospitali.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo hata mbinu hiyo haikutosha, ikabidi nijifunze kujipitishia mpira mwenyewe, mara nne kwa siku. Nilipoambiwa nililia. Nilidhani ni mambo ya mtu aliyekata tamaa. Kumbe ndiyo njia iliyowaokolea wengi figo zao tangu mwaka 1972, wakati daktari wa Marekani Jack Lapides na wenzake walipoonyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi tu, pasipo maandalizi ya chumba cha upasuaji, kwa kuwa jambo la hatari zaidi ni kukiacha kibofu kikivimba. Muuguzi yuleyule ndiye aliyenifundisha. Kioo kidogo cha mkononi, mikono iliyooshwa kwa sabuni, taa nzuri. Siku ya kwanza nilikosea tundu mara tatu. Siku ya nne nikaweza bila kioo, kwa kupapasa. Nilijisikia kama siku niliyopanda baiskeli kwa mara ya kwanza, nikatamani kumtangazia mtu, halafu nikakumbuka ni jambo gani nitatangaza.

Sasa situmii tena mpira. Kipimo cha mwisho kilionyesha naacha 120 nyuma. Si kibofu kizima na sidhani kitarudi kuwa kizima, lakini mwaka huu wote nimepata UTI moja tu.

Si kila mwanamke mwenye kisukari anayevuja ana tatizo kama langu, na hapa ndipo penye hoja yangu. Mwingine mishipa yake iliyoumia hufanya kinyume: kibofu kinashtukashtuka, kinambana ghafla na hafiki mlangoni. Huenda hali hiyo ikaja mapema, na kulegea kukafuata baada ya miaka. Mwingine ni misuli kweli, uzazi kweli. Mwingine ni uzito. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, wanawake waliokuwa wakielekea kwenye ugonjwa waligawanywa makundi, na matokeo yaliyochapwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba katika kundi lililopunguza uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, waliovuja kila wiki walikuwa asilimia 38.3, dhidi ya asilimia 45.7 katika kundi la vidonge visivyo na dawa. Hizo ni habari njema kwa wengi. Lakini dawa ya kibofu kinachoshtuka ni sumu kwa kibofu kilicholala, na kwa macho mwanamke mmoja anayevuja anafanana na mwingine. Kinachowatenganisha ni ile baki. Ipimwe kwanza, vidonge vifuate.

Katika miaka ya kliniki nyayo zangu zimeguswa kila mwaka kwa ule uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Mwaka wa tisa sikuuhisi kwenye kidole gumba. Ikaandikwa kwenye faili, nikaambiwa nisitembee pekupeku. Ushauri mzuri kabisa. Hakuna aliyejiuliza kwamba mwili wenye mishipa iliyokufa miguuni unaweza kuwa na mingine inayokufa tumboni. Mwongozo wa Chama cha Kisukari cha Marekani unasema kibofu kichunguzwe kwa mwenye kisukari anayepata UTI za mara kwa mara, au maambukizi ya figo, au anayevuja mkojo, au ambaye kibofu chake kinapapasika kwa mkono. Nilikuwa nazo zote nne. Ile ya mwisho nilikuwa nayo chini ya mshipi, imebatizwa jina la kitambi.

Siwalaumu madaktari peke yao. Nami nilikuwa na miaka ambayo sikutaka kuijua namba yangu. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu kilikuwa kinasoma zaidi ya asilimia 10 na mimi nakunja karatasi natia kwenye mkoba, mwalimu wa hesabu mzima anayekimbia namba. Utafiti wa Marekani na Kanada uliofanywa kati ya 1983 na 1993, wenye watu 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuibana sukari kwa makini kulipunguza uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa kama asilimia 60. Aina yangu ni ya pili na faida kwetu si kubwa kiasi hicho kwa upande wa mishipa, lakini ipo. Leo nasoma asilimia 7.3. Ningeanza zamani nisingekuwa nikikuandikia.

Kuna mengine nayapitia haraka. Anayetumia metformini miaka mingi na anahisi ganzi aulize kuhusu vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuishusha na upungufu wake huleta ganzi inayofanana na ya kisukari. Kuna pia kundi la vidonge vinavyoitoa sukari kwa njia ya mkojo. Ni dawa nzuri kwa moyo na figo, ila huongeza fangasi sehemu za siri, hivyo mwenye kibofu kama changu aseme mapema. Na anayeambiwa mkojo wake una vijidudu ilhali hana dalili yoyote asikimbilie antibayotiki: utafiti wa mwaka 2002 uliofanywa kwa wanawake wenye kisukari ulionyesha kuwa kuvitibu hakukuwapunguzia madhara. Mjamzito ni habari nyingine, yeye hutibiwa. Mambo ya chumbani nayo huguswa na mishipa hiyohiyo, lakini hayo namwachia mwingine mwenye ujasiri zaidi aandike.

Mwezi uliopita, kwenye benchi la kliniki, mama mmoja tuliyezoea kusalimiana tu alikuwa amekalia ncha ya kiti kwa namna ninayoijua. Nikamsogelea, nikamsimulia habari ya ngumi. Akatazama chini muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi natumia kiwiko." Tulicheka hadi nesi akatoka kutazama. Alipoitwa ndani nilimwambia: usiseme navuja, sema mkojo haumaliziki, omba upimwe unaobaki. Alitoka na karatasi ya altrasaundi mkononi.

Jina langu, Mhariri, naomba lisichapwe. Aibu yangu mimi nimeshaimaliza, ila binti yangu anafundisha shule ileile niliyostaafu, na wanafunzi wana kumbukumbu ndefu. Kile kiti sidhani kama kimeondolewa.

Novemba ijayo mtauchapa tena mchoro ule, najua, kwa sababu mwaka juzi pia mliutumia. Ongezeni mshale wa saba, uishie chini ya kitovu. Na kama mchoraji ana nafasi, safari hii achore mwanamke.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu
(Jina limehifadhiwa)